Panya Weupe wa Bi Rahila

Jumamosi, 5 Disemba 1970

Njia imepatikana! Miezi miwili niko Maskati, nakaa kwa dada yangu Masouda hapa Matrah, nasubiri jawabu ya kazi serikalini. Muda wote huo nimetafuta namna ya kumfanya Bi Rahila anione. Anioneje? Kama mume, bila ya shaka. Mwalimu, ametoka Unguja kama sisi, na akitaka kucheka hutazama chini kwanza. Nampenda. Nimeliandika kwa wino, halifutiki.

Alikuja alasiri kunywa chai. Akasema skuli ya wasichana anakosomesha imemkubalia aweke panya wawili weupe darasani, wanafunzi wawatunze. Masouda akaweka kikombe chini, akauliza panya gani. Rahila akaeleza kuwa ni panya wa kufuga, Mzee Bakhit muuza ndege ameletewa kwa meli kutoka Bombay. Anataka wawili, maana mmoja peke yake husononeka. Wote majike, wadogo, wazima, wasiouma. Ila hapati nafasi ya kwenda sokoni wiki hii.

Hajamaliza, nikasema kazi hiyo aniachie mimi. Unguja nilikuwa mkaguzi wa karafuu miaka tisa. Mtu aliyeweza kutia mkono ndani ya gunia akajua limechanganywa makonyo, vile vijiti vya karafuu, atashindwa na panya? Rahila akasema haya, Alkhamisi atawatazama.

Bahati mbaya Harub alikuwepo. Harub ni jirani yetu, naye anamtaka Rahila. Ana kazi ya ofisini na ufunguo wa kabati la karatasi, ambao huuweka mezani kila anapokaa. Akasema na yeye atapita sokoni aone. Apite!

Jumapili, 6 Disemba

Nimechagua. Nimechagua vizuri mno.

Dukani kwa Mzee Bakhit nimekaa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mzee Bakhit aliwahi kuuza papa mkavu Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakijua, na subira anayo. Ana vizimba viwili, madume mbali, majike mbali. Majike kumi na moja. Nikamwambia asinisemeshe, ninafanya kazi.

Kwanza macho. Yawe makavu, yanang'ara. Pili pua: isiwe na uwekundu wala kamasi. Mmoja alipiga chafya mara mbili nikamtoa katika hesabu papo hapo. Tatu manyoya, yalale, yasisimame ovyo. Nne kifua. Hapa ndipo ufundi! Niliwainua mmoja mmoja nikaweka sikio ubavuni. Akikoroma ndani, hafai. Mzee Bakhit alisema miaka thelathini anauza wanyama hajaona mtu anamsikiliza panya. Nikamwambia ndiyo tafauti baina ya mkaguzi na mnunuzi.

Mwisho tabia. Nikatia mkono kizimbani nikatulia. Wengine walikimbilia pembeni. Wawili wakaja wenyewe, wakaninusa vidole, mmoja akanipanda mpaka kwenye kiwiko. Akaja na wa tatu, mwenye sikio lililochanika. Akanilamba. Nikamrudisha. Hupeleki sikio bovu kwa mwanamke unayetaka kumposa. Wa nne alikuwa na doa la manjano mgongoni, naye nikamrudisha, ingawa kifua chake kilikuwa safi kuliko changu.

Nimetoka na wawili wa daraja la kwanza. Mzee Bakhit akaniambia niwape hewa na maranda ya mbao ya kulalia, basi. Nikamshukuru kwa adabu. Mtu wa dukani lazima aseme kitu.

Jumatatu, 7 Disemba

Masouda amekataa wasiingie ndani. Anasema Unguja alilala miaka ishirini na fimbo ubavuni kwa ajili ya panya, na sasa kaka yake anawaleta ndani kwa mikono yake. Tumeafikiana wakae darini, juu ya nyumba, penye kivuli.

Nimewapa majina. Mmoja Thamani, mwengine Nadhifa. Nikikaa tu, huingia mkono wa kanzu huu wakatokea huu. Wanakula mkate mkavu wameushika kwa mikono miwili, kwa heshima, kuliko baadhi ya watu ninaowajua. Furaha niliyonayo nashindwa kuieleza. Si kila siku mtu huona kazi yake mwenyewe ikimtazama.

Jioni Harub alipanda darini. Akawatazama sana. Akasema wamenona hawa. Nikangoja. Hakusema mashallah! Nikamkumbusha. Akasema na hiyo mashallah, kisha akashuka kwa haraka.

Jicho la yule mtu sikulipenda.

Jumanne, 8 Disemba

Nimecheka mpaka Masouda akaja kuuliza kuna nini. Harub amenunua panya. Amewanunua wale wale niliowarudisha, wa sikio lililochanika na wa doa! Amewatia katika sanduku la chai, tundu ubavuni, maranda ya mbao chini, basi. Hakuna jina, hakuna kitu. Nilimuuliza aliwachaguaje. Akasema alimuuliza Mzee Bakhit ni wepi wapole, naye akamwonyesha.

Alimuuliza muuzaji! Leo nitalala na raha.

Jumatano, 9 Disemba

Kesho ndiyo kesho. Leo matayarisho.

Nimefikiri sana. Sisi ni watu wa adabu. Mgeni hatoki nyumbani hajafukizwa udi. Bibi arusi hufukizwa, nguo za Idi hufukizwa. Mimi ninampelekea Bi Rahila zawadi, na kusema kweli panya, hata wa daraja la kwanza, ana harufu yake. Pili kuna jambo la jicho la Harub. Kwa hiyo udi kwa heshima, ubani kwa hasadi. Mambo mawili kwa chetezo kimoja!

Masouda alipoona nachukua chetezo chake akaniuliza cha nini. Nikamwambia. Akaniambia:

"Majid, hawa hawendi arusini."

Nikamjibu ikijaliwa watakuwa wameanzisha moja. Akasema aliwahi kuwa na chiriku, jirani akafukiza ubani dirishani, chiriku akaanguka. Nikamweleza kuwa panya si ndege. Akashuka zake.

Nilikiweka kizimba juu ya kile kiunzi cha miti cha kufukizia nguo, chetezo chini yake, nikafunika kanga mbili juu ili moshi usipotee. Nusu saa kamili. Mwanzo walikwaruza kwaruza. Baadaye wakatulia kabisa. Nadhani walikuwa wakiburudika. Nilipofunua nikaona shingo zao kavu, nikawapaka na mafuta ya waridi kidogo.

Sasa wananukia mpaka ngazini. Wanja pia nimewatia, nukta moja kwenye paji la uso, kama anavyotiwa mtoto. Mtu yeyote atakayewaona kesho atajua wametoka nyumba gani.

Alkhamisi, 10 Disemba

Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika kila kitu.

Asubuhi Thamani alikuwa anapiga chafya. Nikasema baridi ya Disemba. Nadhifa macho yamefanya rangi nyekundu pembeni kama ya damu. Nikasema analia kwa kuniacha, na kwa kweli nikaguswa. Nikamfuta kwa marashi. Akapiga chafya na yeye.

Nilipata lifti ya pikapu mpaka Darsait, nyumbani kwa kina Rahila. Nimevaa kanzu mpya. Harub ameshafika. Sanduku lake la chai limekaa sakafuni barazani, na ufunguo wake uko mezani.

Rahila alianza na wa Harub. Akatazama macho, pua, akainua mmoja akaweka sikio ubavuni. Nilijivuna! Ndivyo vile vile nilivyofanya mimi. Huyu mwanamke na mimi tumeumbwa kukaa nyumba moja. Yule wa sikio lililochanika akampanda begani akatulia hapo.

Kisha akafunua kizimba changu. Akarudi nyuma kidogo kwa harufu. Akamtoa Nadhifa, akamfuta jicho kwa ncha ya mtandio, ikatoka nyekundu. Akamweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyosikiliza mimi kwa Mzee Bakhit, na uso ukabadilika. Akamgusa ile nukta ya wanja.

"Bwana Majid, umewafukiza?"

Nikasema kidogo tu.

"Panya kifua chake ndicho kinachomuua. Moshi mmoja tu humtosha."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Harub alitazama ukuta, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu ni adabu. Niliona haya. Si kwa sababu nimeshindwa, bali kwa sababu Nadhifa alikuwa akivuta pumzi kwa shida ndani ya mkono wa Rahila na bado ananitazama mimi. Nimeandika, basi.

Rahila akasema wale wa Harub watakwenda skuli Jumamosi. Wangu akawapeleka chumba cha uani, madirisha wazi, akasema niwaache kwake mpaka wapone, kama watapona. Nikauliza nije kuwatazama? Akasema la, nisije na kitu chochote chenye harufu. Nikaahidi. Nilirudi Matrah kwa miguu.

Jumapili, 13 Disemba

Wamepona! Masouda ameleta khabari kutoka kwa Rahila mwenyewe. Chafya zimekwisha, macho makavu, wanakula. Na kuna zaidi. Rahila kasema kwa umbo, kwa upole na kwa uzima, hawa wawili ndio bora katika wote wanne, na aliyewachagua anajua kuchagua.

Nimemwambia Masouda arudie maneno hayo mara tatu. Ya tatu aliyasema kwa hasira lakini aliyasema.

Basi iko wazi. Harub alishinda kwa asubuhi moja, mimi nimeshinda kwa kazi yenyewe. Nimemwomba Masouda apeleke posa kesho. Akaniuliza nina hakika? Nikamwambia nikishachagua sibadilishi. Akavaa buibui kwa kujaribu tu, akalivua, akasema atakwenda, lakini nisimtume na chetezo. Masouda hupenda mzaha.

Jumanne, 15 Disemba

Jawabu imekuja.

Rahila amekataa. Na Harub alikwishapeleka posa yake Ijumaa, amekubaliwa. Arusi baada ya mwezi.

Masouda hakutaka kuniambia mengine. Nikamshikilia, maana aliyekataliwa ana haki ya kujua neno lililotumika. Mwisho akaketi kitandani mwangu, akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu alipopanda meli kuondoka Unguja, akasema haya ndiyo aliyoambiwa, kama yalivyo:

"Bwana Majid ana jicho la kuchagua, sikatai. Lakini kizuri akishakipata hawezi kukiacha kilivyo. Nami nataka kuachwa nilivyo."

Iliniuma. Nililala juu ya mkeka darini, penye alama ya kizimba, mpaka jua likanifukuza. Nilikuwa nimeshaiona nyumba, nimeshaona hata wapi pa kuweka madaftari yake. Inauma, na sioni sababu ya kuficha hilo katika daftari langu mwenyewe.

Lakini baada ya chai niliyasoma tena maneno yale, maana niliyaandika pembeni. Ana jicho la kuchagua, sikatai! Mwanamke msomi, mwalimu, anakataa posa na bado hawezi kuikana kazi yangu. Hakumsifu Harub hata kwa neno moja, amemkubali tu. Kumkubali mtu ni jambo la kawaida, hutokea kila siku. Nani mwengine hapa Matrah aliyewahi kukataliwa kwa sifa kubwa namna hii? Nimemsomea Masouda. Akasema sijasikia nusu ya pili. Nimeisikia. Ile ni ya mazungumzo tu.

Harub alipita jioni kunipa mkono, kwa uungwana, na ufunguo kauacha mfukoni. Akasema mbuzi wa arusi watanunuliwa na ami yake, ameshapatana na mfugaji, kila kitu tayari.

Tayari! Ami yake hajui mbuzi. Kesho alfajiri nakwenda kwa huyo mfugaji kuwabadilisha.