Nyonga ya Mama na Sanamu Inayotoka Jasho

Jumatatu, 3 Juni
Kazi ya kulala, hatimaye! Chuo cha uuguzi kimenichukua kwa majaribio niwe mgonjwa wa kuigiza. Wanafunzi wananiuliza maumivu yamefika ngapi, sifuri hadi kumi, kisha wanajifunza kunituliza. Mwalimu wao, mwanamama asiyecheka, amesema Ijumaa atabakiza mmoja: mimi au sanamu ya mazoezi, mgonjwa wa plastiki anayetumia umeme. Sanamu inapumua. Inatoka jasho. Nimeichukia papo hapo.

Jumanne, 4 Juni
Wa kwanza nimemwambia kumi. Wa pili, kumi. Wa tatu, kumi na mbili, nikabingirika hadi sakafuni. Nilidhani ni kama alama za mtihani! Mwalimu akasema nimepewa kuigiza jino bovu, sijakatwa mguu. Sanamu ikasifiwa kwa utulivu wake. Fitina tupu.

Jumatano, 5 Juni
Kesho naigiza nyonga mbovu, kwa hiyo mbinu mpya. Mama anaumwa nyonga, mwaka wa tatu sasa. Nimekaa jikoni na daftari nikimchunguza anavyoinuka: mkono mezani, pumzi inakatika, midomo inabana, kisha anasema hamna kitu, mwanangu. Nimedondosha kijiko makusudi mara nne ili aokote. Ya nne ilikuwa safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimewamaliza! Mkono, pumzi, midomo, hamna kitu. Mwanafunzi mmoja akanishika bega, machozi yakamtoka. Mwalimu akauliza nimejifunza wapi. Kwa mama, nikajibu kwa maringo. Akauliza Mama mwenyewe husema maumivu yake ni ngapi.
Miaka mitatu, sijawahi kumuuliza.
Nimemuuliza jioni. Akageukia dirishani, akasema tisa. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Kazi nimepata! Sanamu imepelekwa stoo, nimeipungia mkono. Nilipomwambia mwalimu ile tisa, mchana amekuja nyumbani na daktari wa chuo, wamempima Mama, wamempa dawa. Amelala bila kukunja uso. Nimelia kidogo, jikoni, peke yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Balaa. Mama anapika huku anaimba. Saa nne mwalimu anataka nyonga, na mimi nimesahau pumzi hukatikia wapi. Nimemwomba Mama aruke dozi ya asubuhi, leo tu, kwa ajili ya kazi.
Amedondosha kijiko, akaniambia niokote.
Nimeokota. Akadondosha tena. Mara nne! Na pumzi yangu bado haikatiki. Nitamwomba tena kesho.