Jino la Dhahabu na Vitako Viwili

Tangu jino lake la mbele ling'oke, Kinanda alikuwa mtu wa huzuni. Walimwita Kinanda kwa sababu maneno yake yalikuwa muziki, lakini sasa kila mtu ambaye yeye alitaka kumtapeli alilikodolea macho pengo, na anayekodolea macho pengo hasikii muziki. Wiki hiyo alishindwa kumuuzia bibi mmoja saa isiyo na mishale, bibi yuleyule aliyewahi kununua kwake kalenda ya mwaka juzi.

Ndiyo maana alikuwa amekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, mfuko mtupu. Hapo ndipo macho yake yalipotua ukutani, juu ya taulo.

"Bunduki ya upepo hiyo, daktari?" aliuliza mara tu kioo kilipotolewa mdomoni.

"Jumamosi nashindana na shemeji yangu kulenga makopo. Tulinunua pamoja, zinafanana kama pacha, ila yangu ina kitako cha mbao, yake cha plastiki. Akinishinda, mke wangu ananicheka wiki nzima. Kaka yake yule."

Kinanda akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Mbao, daktari? Mbao hunywa unyevu, ikavimba. Unalenga kopo, unapiga kuku wa watu! Plastiki haijui mvua wala jua. Nitakuletea. Wewe nitie jino la dhahabu tu, na dhahabu naleta mwenyewe. Hiki cha mbao naondoka nacho kwa vipimo."

Njiani alikipaka kitako dawa ya viatu nyeusi hadi mti uliokizaa usingekitambua, kisha akaingia kwenye duka la misumari na rangi. Mwenye duka ndiye shemeji mwenyewe.

"Plastiki, bosi wangu?" Kinanda alisikitika, akiitazama bunduki iliyoegemezwa nyuma ya kaunta. "Nyepesi mno. Ukifyatua, inaruka kama mbuzi. Mbao ina uzito, inatulia begani kama mtoto aliyelala. Gusa mpingo huu."

"Bei gani?"

"Kwa mtu kama wewe sitaji bei. Hiyo pete ya dhahabu kidoleni itatosha."

Mwenye duka akaitazama pete, akakitazama kitako, akaivua pete haraka kuliko Kinanda alivyotarajia.

"Na hiyo plastiki nikutupie?"

"Tupa, ndugu yangu. Asante sana."

Kinanda aliiosha plastiki kwa sabuni na kuipeleka kwa daktari pamoja na pete. Daktari aliigeuza pete dirishani kwa muda mrefu, akakohoa. "Dhahabu safi," alisema akiangalia pembeni. Jioni Kinanda alirudi nyumbani akimchekea kila mpita njia, hata ng'ombe.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mwenye duka alilenga, akakosa, akainua uso. Shavu lilikuwa jeusi tii.

"Shemeji," daktari alisema, "chini ya dawa hiyo ya viatu naona mkwaruzo wa kitako changu."

"Na wewe umebeba changu! Umempa nini yule mtu?"

"Jino. Wewe?"

"Ile pete uliyonipa ulipomuoa dada yangu."

Daktari akakohoa tena.

"Usijisumbue, shemeji. Niliisugua kwa majivu wiki ileile. Shaba tupu. Nilinyamaza kwa ajili ya dada."

Kabla daktari hajapata pa kuficha uso, Kinanda alitokea mbio, mkono mdomoni.

"Daktari, dhahabu gani hii inaota ukijani? Ling'oe!"

"Kung'oa ni kazi nyingine. Utalipa nini?"

Kinanda hakuwa na kitu. Mwenye duka akamwonyesha makopo yaliyolala chini, akamvika ndoo ya chuma kichwani hadi kidevuni kwa usalama. Atayasimamisha kila Jumamosi hadi daktari aridhike.

Yule maskini akainama, akapanga. Wakafyatua. Hakuna kopo lililotikisika.

"Ni hiki kitako chako!" mmoja alifoka.

"Chako ndicho kibovu zaidi!"

Hapo sauti tamu ikatoka ndani ya ndoo, bila pengo wala ukijani wa kumpotezea mtu umakini.

"Mabosi wangu, vitako havina kosa. Makopo ndiyo yamechoka."

Wakatazamana. Mwenye duka akaweka bunduki chini.

"Yamechoka vipi?" aliuliza, akiisogelea ndoo.