Mkono Mmoja Mfukoni

Siku Zorobabel aliposikia kwamba mtu mzima, mwenye akili timamu na ghala la kahawa, ananunua kamera kuukuu, aliweka kikombe chake cha chai chini kabla ya kukimaliza. Halikuwa jambo dogo. Chai hiyo alinunuliwa na mtu mwingine, na chai ya namna hiyo Zorobabel hakuwa na desturi ya kuibakiza.

"Rudia kwanza," alimwambia dereva wa lori aliyeleta habari.

"Ni Kahongya wa Bungulu, kule Beni. Alienda Dubai kununua bitenge, akakuta mutu moja kule anatafuta kamera za Wajerumani, zile Babelgiji waliacha ku mashamba wakati walikimbia. Inaitwa Leica. Mutu akimuletea ya kweli, Kahongya anatoa bei ya mbuzi kumi na mbili."

"Kumi na mbili?"

"Na jogoo juu, kama iko safi."

Zorobabel alitazama mlima kwa mbali kama mtu anayesali. Mbuzi kumi na mbili ndizo mahari aliyotajiwa na baba yake Julie, kule Kipese, na mzee alikuwa amechoka kungoja: zifike Jumapili hii, la sivyo Julie ataolewa na mwalimu mmoja ambaye mbuzi zake zilikuwa zimeshafungwa kamba, zinakula majani tu. Zorobabel alikuwa ameuza vitu vingi maishani: dawa ya kuotesha nywele, tikiti za ndege isiyokuwepo, jogoo mmoja kwa watu watatu. Lakini Julie alikuwa kitu pekee alichowahi kukitaka bila nia ya kukiuza.

Na kamera alikuwa nayo. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ile ya pili ya Kongo, barabara nyingi zilikuwa zimefungwa, na mizigo ya Butembo ilishushwa na ndege za Warusi. Fundi mmoja wa ndege hizo, mtu wa kucheka sana, alimwachia Zorobabel kamera yake ndogo kwa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Ilikuwa ya Kirusi, ila kwa umbo ilifanana na ile ya Kijerumani kama mapacha wa mama mmoja. Kilichobaki kilikuwa jina tu.

Jina aliandikiwa na Ézéchias, fundi saa. Alifuta maandishi ya Kirusi, akachora LEICA kwa mwandiko mzuri kiasi kwamba Zorobabel mwenyewe nusura aiamini.

"Jina nimebadilisha," alisema Ézéchias akipuliza vumbi la chuma. "Mais roho yake nitabadilisha namna gani? Fungua kioo, angalia ndani. Kuna kamukono kanaingia kupima umbali. Ya Mujerumani, ku ncha ya ule mukono kuko kagurudumu. Ya Murusi iko na kaulimi tu. Na Kahongya alirudi na karatasi ya Dubai, imechorwa yote."

"Donc, basi?"

"Donc, utapigwa."

Zorobabel alitoka pale akiwa na huzuni ya fundi seremala aliyemaliza mlango akakuta nyumba haipo. Lakini huzuni yake haikuwahi kupita kona ya pili. Alipofika kona ya pili alimkumbuka Mama Vagheni.

Kila mtu wa Bulengera, mtaa wao pale Butembo, alimjua Mama Vagheni, mjane wa Salomon mpiga picha. Mumewe alipokufa alimwachia kamera aliyopewa na mzungu wa shamba la kwinini, nayo ilikuwa Leica ya kweli, yenye kagurudumu kake. Kwa kamera hiyo alilisha wajukuu wanne. Alipiga picha za kadi na za ubatizo, na tangu vita ianze alikuwa akipiga bure picha za watoto waliopotezana na wazazi njiani. Alizibandika kwenye mlango wa kanisa ili mama fulani apite, asimame, apige kelele. Walishapiga kelele akina mama saba.

Zorobabel alilijua hilo. Ili haki itendeke, tuseme lilimsumbua, kuanzia pale kona hadi mlangoni. Alijiambia hatamwacha mikono mitupu: atamwachia ile ya Kirusi, inapiga picha vilevile. Huo si wizi, ni kubadilishana, isipokuwa upande mmoja haujaambiwa.

"Karibu, mutoto yangu," alisema Mama Vagheni. "Umekonda. Ni njala ama ni mwanamuke?"

"Ni yote, Mama. Nilikuya nikuonyeshe kamera yangu. Kale kadirisha kake kananisumbua."

Mama Vagheni akatoa ya kwake pia, akaziweka mezani kwa pamoja. Aliweka jicho kwenye ya Zorobabel. "Iko muzima. Unaona? Ndani ya dirisha mutu anakuwa babili, moja huku, moja kule. Unazungusha polepole mpaka babili wanakuwa moja. Hapo ndiyo unapiga. Ukipiga mbele ya hapo, inakuwa picha ya uongo."

"Asante, Mama."

"Haitoki mutu hapa bila kula." Akaenda jikoni.

Zorobabel hakuhitaji zaidi ya kupepesa jicho. Leica ya Salomon iliingia mfuko wa kushoto wa koti lake, na ya Kirusi ikalala ndani ya ganda la ngozi la marehemu. Mama aliporudi na bugali, sombe na maharagwe, alikuta mgeni ametulia kama sanamu ya mtakatifu, mkono wa kushoto umezama mfukoni.

Mama alileta maji ya kunawa, akainamisha birika. Zorobabel alinyoosha mkono wa kulia. Mama alimwaga maji, akangoja. Mkono wa pili haukuja.

"Na ule mwingine?"

"Huu unaniuma, Mama. Baridi."

"Pole sana," alisema Mama Vagheni, na akamsogezea kipande kikubwa cha bugali kwa sababu ya ule mkono unaouma.

Alikula akashiba. Alipoaga, akisema kesho anaenda Beni na pikipiki yake, Mama aliichukua kamera iliyokuwa mezani, akaiweka sikioni, akaibonyeza ikalia klak, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto.

"Unaenda na ya kwako ku pikipiki?" aliuliza. "Ile vumbi itaiua. Leta ya kwako niifunge muzuri."

Angekataa vipi? Mtu asiye na hatia hakatai kufungiwa kitu chake. Zorobabel alitoa ya mfukoni, na Mama akaingia chumbani na zote mbili, moja kila mkono. Alirudi na furushi dogo la kitenge, limeshonwa kwa uzi pembe zote, na ndani ya karatasi viazi viwili vya moto vya njiani.

"Wasingya, Mama," alimshukuru Zorobabel kwa Kinande.

Kesho yake, kabla ya kufika kijiji cha Maboya, kizuizi cha askari kilimsimamisha. Mkubwa wao, Adjudant Hénock, alitoka Kananga, nao walikuwa hawajaona mshahara tangu mvua za mwaka jana.

"Vieux, ndani ya kitambaa kuko nini? Bunduki?"

"Kamera, mon adjudant." Ikabidi uzi ukatwe.

Hénock aliitazama kwa muda, na uso wake ukalainika. "Mama yangu iko upande ile ingine ya vita. Tangu vita ianze haijui kama niko muzima. Padri moja alisema barua inaweza kupitia Kampala. Unipige. Nitatuma."

Zorobabel aliwapanga, akawaambia wainue kidevu, akapiga. Klak. Filamu hata hakujua kama imo. "Siku tatu," aliahidi, "nitawaletea mwenyewe."

"Likambo te, hakuna neno," alisema Hénock, na akamfungulia njia bila kuchukua hata sigara.

Kahongya alimpokea ghalani, kati ya magunia ya kahawa. Alikuwa mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na ile karatasi ya Dubai ilikuwa imewekwa katika fremu ukutani, kando ya Bikira Maria.

"Watu kumi na moja walishakuya na uongo," alisema. "Moja alileta redio."

Hapo ndipo Zorobabel alipopatwa na jambo geni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisimama mbele ya mnunuzi na kitu cha kweli, na ukweli ulimpanda kichwani kama kasiksi.

"Patron, fungua kioo mwenyewe! Utaona kagurudumu. Hakako? Uchukue pikipiki yangu, ile pale nje. Ita watu washuhudie!"

Kahongya hakuwa mtu wa kuacha pikipiki inayojitolea. Aliita wapakizi wawili na mama muuza mandazi. Akazungusha kioo, akakitoa, akavaa miwani, akatazama ndani, akatazama ukutani, akatazama tena ndani.

"Kaulimi," alisema.

"Kagurudumu," alimsahihisha Zorobabel kwa upole.

Mama wa mandazi alichungulia. "Ni kaulimi, mutoto yangu."

Zorobabel alitazama. Kalikuwa pale, kembamba, kamechomoza kama ulimi wa mtoto mtukutu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesema ukweli kwa moyo wake wote, na ulikuwa uongo.

Kahongya alibaki na pikipiki, na kamera pia, eti kama ushahidi. Zorobabel alirudi kwa miguu. Ile mbuzi ya kwanza ilitoweka machoni pake alipovuka mtaa wa mwisho wa Beni, na ya kumi na mbili ilipotea alipoona kizuizi cha askari.

"Foto?" aliuliza Hénock.

Picha haikuwepo, basi askari wakamzuia awafanyie kazi: Zorobabel alichota maji siku ile, na kesho yake, na kukata kuni. Alfajiri ya Jumamosi mikono yake ilikuwa na malengelenge, na Jumapili ilikuwa kesho. Ndipo lori liliposimama, na Mama Vagheni akateremka polepole, na ganda la ngozi kifuani na miguu mitatu ya kamera begani.

"Dereva aliniambia kuko mutu wa Bulengera anachotea basoda maji," alisema. "Nikasema, huyu ni mugeni wangu."

Aliwapiga picha askari wote, mmoja mmoja. Hénock alipigwa mara mbili, mara ya pili akicheka, "kwa sababu mama anapenda kuona meno." Hénock alipouliza atampa nini, Mama alimwonyesha Zorobabel kwa kidevu. "Nipe huyu."

Walikaa kando ya barabara. Mama alifungua chakula, akatoa birika. Zorobabel alinyoosha mikono yote miwili bila kuambiwa, na maji yaliyapitia malengelenge yakamuuma kweli.

"Mama, ulijua wakati gani?"

"Mutu anayenawa mukono moja, ule mwingine uko na kazi. Kisha nikasikiliza kikohozi cha ile ku meza. Haikuwa ya Salomon."

"Ukaniibia."

"Mimi? Nilikufungia ya kwako. Na viazi."

Zorobabel alimalizia tonge lake. Kisha alimweleza yote: Julie, mwalimu, mbuzi, Jumapili. Mama Vagheni hakutikisa kichwa hata mara moja.

"Kesho niko naenda Kipese kupiga batu picha ya kadi," alisema mwishowe. "Huu mzigo unaniua bega."

Ndivyo Zorobabel alivyoingia kwa baba mkwe wake Jumapili, bila mbuzi hata moja, amebeba miguu mitatu ya kamera. Mzee alitazama nyuma yake, akatafuta kamba, akatafuta mkia.

"Mbuzi ziko wapi?"

Zorobabel alifungua mdomo. Maneno matamu yalikuwa yamepanga mstari ndani yake, yote, kama kawaida. Aliyaacha yapite.

"Hakuna, Tata. Nilitaka kuziiba, nikashindwa."

Julie, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kitenge, lakini mabega yake yalicheka. Mzee akauliza, "Ulishindwa na nani?"

"Na huyu mama."

"Anafanya kazi kwangu sasa," alisema Mama Vagheni. "Mbuzi moja kila mwezi, mimi mwenyewe nitamushikia kamba. Mwalimu atakupa mbuzi, ndiyo. Mais umuulize Julie kama mwalimu alishamuchekesha."

Mzee hakumuuliza Julie. Alimtazama tu, na hilo lilitosha. "Mwaka moja," alisema. "Siku moja juu, hapana."

Habari zilizofika baadaye zilisema ile kamera ya Kirusi ilipanda ndege kwenda Dubai ndani ya sanduku la Kahongya, na jina lake lote zuri. Lakini hayo ni ya Kahongya.

Siku ile Mama Vagheni aliwasimamisha Julie na Zorobabel mbele ya ukuta wa udongo, akaweka jicho kwenye kadirisha. Walikuwa wawili, kisha wanne, akazungusha polepole hadi wakawa wawili tena. Hakupiga.

"Zorobabel," alisema bila kuinua uso, "weka mikono yote mbili mahali nitaiona."