Juisi ya Kijani na Funguo za Gari la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi
Nesi wa kazini kanifunga mpira mkononi, kaujaza upepo, kakunja uso. Presha mia sabini! Ati nipunguze chumvi kwenye chakula, nile majani. Isiposhuka kufikia Ijumaa, funguo za gari la wagonjwa apewe Kona, dereva mwenzangu, mimi nikakae getini. Mimi! Niliyeendesha kilomita arobaini kwa matairi matatu, la nne nimelishika dirishani! Kona kanipa pole huku akitazama funguo.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa wangu kanifundisha juisi ya kijani: spinachi, tango, tufaha, tangawizi, zote kwenye blenda. Akasema, Mjomba, usisahau kifuniko. Nikamjibu blenda nilizijua kabla hajazaliwa. Sasa dari ni ya kijani. Mke wangu pia, upande mmoja.
Iliyobaki nikaionja. Lo! Nyasi tupu. Mboga bila chumvi, nani kaona? Nikatia kijiko. Ikateremka yenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Chakulani sijatia chumvi hata punje. Mke wangu akasema hakujua kama nina moyo huo. Juisi glasi tatu, kila moja na kijiko chake. Kiu ya ajabu. Bila shaka ni sumu inatoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kauliza nani kamaliza kopo la chumvi. Nikasema sisimizi. Akasema sisimizi hula sukari. Nikamwambia wa siku hizi wana kisukari.

Ijumaa, 7 Machi
Mia tisini! Sielewi. Nesi naye haelewi: kapima mkono wa pili, kisha kajipima mwenyewe aone kama mashine ni nzima. Kaniuliza habari ya chumvi. Nikaapa haijagusa chakula changu. Mke wangu akathibitisha kwa simu, akataja na juisi. Nesi akauliza, basi juisini kuna nini? Kona alikuwa mlangoni, masikio kama sahani. Siri ya mapishi haitolewi mbele ya adui! Nesi akaniandikia dawa. Funguo zikaenda.

Jumamosi, 8 Machi
Getini. Kona kapita na gari langu, king'ora juu, mgonjwa hakuna. Kisha akarudi kwa upole: mzee wangu, hata yeye presha inamsumbua, nesi kamwambia ale majani, nimpe ile juisi. Nimemwandikia yote, spinachi hadi tangawizi. Ila chumvi sikumtajia ng'o! Ainywe hivyo hivyo, akome.
Mimi kesho naanza vijiko viwili.