Malalamiko Dhidi ya Kusindikizana Hadi Paris

Landover, Maryland
12 Agosti 2007

Kwa Bwana Gitau,
Mwenyekiti, Kwaya ya Tumaini ya Riverdale Park,
Herndon, Virginia.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU KUSINDIKIZANA

Nashukuru kama u mzima. Mimi mwili umesharudi Marekani, ila roho bado imekaa kwenye benchi la kituo cha treni cha Brussels.

Nimesoma muhtasari wa kikao chenu. Imeandikwa kwamba tarehe 17 Julai kiongozi wa msafara wa kwaya, yaani mimi, "alipotea", na kwamba natakiwa kuomba radhi kwa maandishi. Naomba kusahihisha kwa heshima zote. Sikupotea. Kutwa nzima nilikuwa pale pale nilipoachwa. Uliopotea ni msafara. Kwa kuwa wewe ulibaki Herndon, nakueleza mambo kwa utaratibu.

1. Wenyeji wetu wa Brussels, wanakwaya wa Kikongo wakiongozwa na Papa Fidelis, walitulaza siku tatu na kutulisha mpaka tukaona haya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna mhenga aliyesema ya nne mpande naye treni. Asubuhi hiyo tulikuwa tunaondoka kwenda Paris kuimba, na wenyeji kumi na wanne walikuja kituoni kutusindikiza. Nilipowaambia tuagane mlangoni, Papa Fidelis alinitazama kama niliyemtukania mama. "Mugeni hawezi kwenda peke yake, papa," akasema, akanyakua begi langu. Wote wakaingia behewani, wakapanga mizigo, wakakaa, wakaanzisha wimbo. Kisha Papa Fidelis akasimama atoe neno fupi. Unazijua hotuba zinazoanza kwa kuitwa neno fupi.

2. Mimi nilikuwa chini na Mzee Kalisti, baba yake Papa Fidelis, ambaye miguu haimruhusu kupanda ngazi za treni. Nikaona si adabu kumwacha mzee peke yake, nikamsindikiza mpaka mlango wa kituo. Kufika mlangoni, mzee naye akaona si adabu mgeni arudi peke yake. Akanisindikiza mpaka kwenye treni. Na mimi ningemwacha vipi pale? Nikamrudisha mlangoni. Naye akanirudisha. Safari hiyo tulikuta reli tupu.

3. Treni yenyewe nailalamikia pia. Iliondoka saa tatu na dakika kumi na tatu kamili, kama tiketi ilivyosema, watu wakiwa wamefumba macho katika sala ya safari. Treni gani isiyoweza kungoja "amina"? Niliazima simu ya muuza maua nikampigia Kimutai, ambaye simu yake ilifanya kazi Ulaya. "Bro, train imetoka!" akaniambia. "Sisi wote tuko ndani, na wenyeji pia wako ndani. Kwani wewe uko na nani?"

Nilikuwa na Mzee Kalisti, Ndugu Mwenyekiti. Pamoja naye nilikuwa na hasira.

4. Naambiwa mkagua tiketi alipopita, Papa Fidelis alimweleza kwa Kifaransa kizuri sana kwamba wao si abiria, ni wasindikizaji. Yule bwana akauliza wanasindikiza mpaka wapi. Akajibiwa kwamba hilo ndilo walilokuwa wanajadiliana. Ikabidi wakatiwe tiketi humo humo.

5. Sasa sikiliza hili. Walifika Paris. Watu wa kanisa walikuwa wakiwangoja, wali umeiva, spika zimefungwa. Lakini mwalimu wetu wa kwaya, Edah, akasimama katikati ya kituo akasema haiwezekani watu waliotusindikiza kutoka nchi moja hadi nyingine warudi wenyewe kama waliofukuzwa. Pakapigwa kura ya mikono. Kwaya nzima ikapanda treni ya kurudi Brussels, kuwasindikiza wasindikizaji! Kwa hiyo kwaya ya Tumaini, iliyofanya mazoezi miezi minane, imekwenda Paris na haikuimba hata ubeti mmoja.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma, na mengine yote ningeweza kuyacheka. Unamfahamu dada yangu Vaileth. Ndiye aliyenileta Marekani, na kwa miaka kumi na mitatu amewaogesha na kuwalisha wazee wa watu pale Riverdale Park. Mwezi huu anarudi nyumbani Tukuyu moja kwa moja. Alikuwa na ombi moja tu: apande ile treni, akae dirishani, mimi niwe ubavuni mwake, siku moja ambayo hakuna anayeitwa kazini. Alinishikia kiti kwa mkoba wake mpaka Paris, akakishika tena mpaka Brussels. Nimeambiwa kwenye ile kura mkono wake ndio ulionyooka wa kwanza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Paris haiondoki, mdogo wangu. Wewe chakula chako kilikuwa kwenye mkoba wangu."

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Siku ile hairudi.

Wala tusiisingizie Ulaya. Januari iliyopita wewe mwenyewe ulitusindikiza kwenye magari baada ya mazoezi, tukasimama kwenye theluji tukiagana mpaka polisi akaja kuuliza nani amefariki. Kwa hiyo naomba katiba ya kwaya irekebishwe hivi:

(a) Kusindikizana kuishie mlangoni. Mlango wa ndani.

(b) Kuaga kufanyike mara moja. Anayerudia mara ya tatu ahesabiwe kuwa hajaaga, akae, apewe chai.

(c) Mwanakwaya atakayetamka "ngoja nikusogeze kidogo" asimamishwe kuimba miezi mitatu.

Nikikataliwa haya, sitaomba radhi, na uongozi wa misafara mpeni Papa Fidelis, maana tayari anao uzoefu wa kuwafikisha.

Mfikishie salamu mama watoto hapo Herndon. Msalimie Edah, ingawa hastahili. Msalimie Kimutai na simu yake. Waimbaji wa sauti zote nne nawasalimu, hata wale wa besi waliolala njia nzima.

Ni mimi niliyeachwa, nisiyepotea,

Gwakisa Mwakalobo
Kiongozi wa Msafara

N.B. Dada Vaileth anaondoka Jumamosi tarehe 25, ndege ya jioni, uwanja wa Dulles. Nimekodi magari mawili, naomba kwaya yote ije, na sare. Tufike saa sita mchana ili tumuage vizuri. Siku hizi walinzi hawamruhusu asiye na tiketi kuvuka, kwa hiyo nimekata yangu ya ndege hiyo hiyo hadi Amsterdam, nimsogeze kidogo. Mzee Kalisti ameahidi kuletwa huko kwa gari kutoka Brussels ili nisirudi peke yangu. Kiti changu kiko ubavuni mwa dada. Safari hii nitapanda kwanza, ndipo niwaage.