Sketi za Duara na Fomu ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Msiba mdogo. Binti yangu amerudi kutoka shule akatangaza kwamba Ijumaa wanajaza fomu ya masomo, na yeye anaacha hisabati na fizikia. Kasema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nikauliza kwa nini. Eti hazipendi tu. Mtoto aliyekuwa akigawa desimali akiwa bado hana meno ya mbele!

Ni tangu mama yake afariki, mwaka na miezi miwili sasa. Mimi siwezi kumsaidia. Shuleni kitabu cha logi nilikitumia kujipepea.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amenieleza kuwa bintiye anachukua sayansi zote. Alikuwa ameshika wembe shingoni kwangu, kwa hiyo nikampongeza.

Lazima nifanye hila.

Jumanne, 4 Machi
Hila ya kwanza. Nimenunua bango kubwa la elementi za kemia, nikalibandika dukani juu ya cherehani yangu ili binti alipende polepole bila kujua. Mteja mmoja ametafuta herufi ya saizi yake humo, hakuiona, akaondoka amenuna. Binti aliporudi aliinamisha kichwa hadi kikakaribia bega, akasema, “Baba, umelipindua.”

Kumbe! Siku nzima!

Jumatano, 5 Machi
Hila ya pili. Nimekwenda kwa siri kwa mwalimu wake wa hisabati. Dada mpole, chaki hadi kwenye nyusi. Kasema binti si dhaifu hata kidogo, ila ameacha kunyoosha mkono. Kasema pia kwamba maabara imefungwa tangu muhula uanze. Watoto wanachora kipimajoto ambacho hawajawahi kukishika. Ufunguo anao mkuu wa shule, na yeye mwalimu ameuomba mara tatu.

Sikusikiliza sana hayo ya ufunguo. Nilimwomba amsifu tu binti mbele ya wenzake. Akasita. Nikambembeleza hadi akakubali.

Jioni binti kaingia kafura. Amepigiwa makofi na darasa zima kwa swali alilokosa! Akaniuliza kama nimefika shuleni. Nikasema mimi? Shuleni? Akautazama mgongo wa koti langu, ulikuwa mweupe kwa chaki ya ofisi ya walimu.

Alhamisi, 6 Machi
Hila ya tatu, bora kuliko zote. Kwaya wanataka sketi nane za duara. Nitajifanya nimesahau namna ya kuzikata ili binti anihurumie apige hesabu.

Haikunibidi kujifanya. Sketi za duara alikuwa akizipima marehemu mke wangu, kalamu ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Mimi nilishona tu. Nikakunja kitambaa mara nne, nikapima kutoka kwenye kona nusu ya kiuno, nikakata kwa madaha. Nilipokikunjua, tundu la kiuno lingewatosha waimbaji watatu na kiti.

Binti alicheka hadi akakaa chini. Akachukua chaki, akaandika mezani: kiuno, gawanya kwa sita na kidogo. Sentimita kumi na moja na nusu! Mimi nilipima thelathini na sita!

Halafu akaiweka chaki chini. Akasema mama alikuwa akiandika jibu lake upande huu wa meza, yeye lake upande ule, wanaziba kwa viganja, kisha wanalinganisha. Sasa alinganishe na nani?

Nikasema, basi nitaandika mimi. Akasema, “Baba, wewe?” Nikasema mimi, ndiyo. Tulifanya maswali tisa. Nilipata moja, na hilo nilichungulia. Kila nilipokosa alinieleza upya bila kuchoka, uso umechangamka, akinigonga kidole kwa chaki, vilevile alivyokuwa akinigonga marehemu nikikosea kipimo.

Sketi nane zimekatwa. Sikumwambia kuwa macho yaliniwasha, na si vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Amejaza! Hisabati na fizikia, zote mbili! Nilimuuliza sababu. Kasema kwanza, leo mwalimu ameupata ufunguo, wamewasha balbu kwa waya na betri, yake ndiyo iliyowaka mwanzo. Pili, aliona jana kuwa anapenda kueleza. Hakutaja bango wala makofi. Watoto hawajui kinachowajenga.

Ni wazi kabisa hila zangu ndizo zilizofanya kazi. Kinyozi nimeshamweleza, mara mbili.

Sasa tusilale. Atakuwa mhandisi wa madaraja, ingawa mwenyewe hajatamka neno hilo. Nimeongea na mpimaji ardhi mmoja. Jumatatu saa kumi, binti akiwa anafagia, atapita mlangoni na kile chombo chake cha miguu mitatu, atajifanya amepotea njia, na ataomba msaada wa hesabu. Nimemfundisha namna ya kukuna kichwa. Binti hawezi kushtukia.