Mashine Inayokula Dhahabu

Firmin alipanda mtaa wa Nyalukemba kuuza mapazia, akashuka akiwa mhandisi. Mapazia yenyewe hayakuwa yake, lakini hilo tuliache. Mwaka ule tai zilikuwa zimeruhusiwa tena, baada ya serikali kuzikataza miaka mingi, na Bukavu nzima kila aliyefunga moja shingoni alionekana mtu anayejua kitu. Ya Firmin ilikuwa nyekundu, na doa lake alilificha chini ya kifungo cha koti.

Alimkuta Papa Isidore, mnunuzi wa dhahabu, ameketi mbele ya kompyuta kwa uso wa mtu aliyefiwa. Mashine ile ilikuwa imetoka Bujumbura kwa gharama na maombi mengi. Hakuinunua aandike barua. Aliinunua iwatishe wachimbaji waliomletea dhahabu kutoka Kamituga: yeye anabonyeza, mashine inatoa bei, mchimbaji anainamisha kichwa. Nani atabishana na kioo kinachowaka?

"Sasa iko inalala," Papa Isidore alisema. "Jana muchimbaji alimaliza hesabu na vidole vyake, mashini ingali inafikiri. Akacheka. Akabeba dhahabu yake, akaipeleka kwa mwengine."

Firmin hakuwa na habari yoyote ya kompyuta, ila moja. Aliwahi kufagia ofisi ya mradi fulani, na huko alimwona bosi akibonyeza kitufe kilichoandikwa Turbo. Taa ndogo ikiwaka, mashine inakimbia. Ikizimika, inatambaa. Akatupa jicho. Taa ya mashine hii ilikuwa imezimika, na kitufe kilikuwa safi kuliko sehemu nyingine zote, kama kitu kilichopanguswa na mama wa nyumbani kwa bidii hadi kikabonyea.

Mtu mwaminifu angenyoosha kidole, akashukuriwa kwa chai. Firmin alikuwa na mambo yake. Jumapili ile alitakiwa kwa muzee Edouard, baba wa Delphine, na ng'ombe wa mahari. Muzee alikwisha kuahirisha mara mbili, na alisema hapendi mambo ya tatu. Delphine mwenyewe Firmin alimpenda kweli. Ni jambo pekee maishani mwake ambalo hakulidanganyia.

"Papa, mukatie mashini courant," alisema. "Nitaifungua. Mi ni ingénieur."

Walizima, wakafungua. Firmin akachomoa kadi moja kwa vidole viwili, kama padre na hostia. Ukingoni kulikuwa na safu ya meno ya manjano. Papa Isidore akachukua lenzi yake ya kazini, akaweka jicho, akakaa hivyo kitambo.

"Hii iko dhahabu," alisema kwa sauti ya chini. "Dhahabu ya kweli."

"Njo chakula yake. Inafikiri na dhahabu. Sasa imekwisha kula yote, meno yamebaki membamba, njo maana inalala. Inafaa kuikulisha."

"Inakula mingi?"

"Kwa mashini ya ukubwa huu, ile ya kununua ng'ombe moja."

Papa Isidore akauliza bei ya kazi, na hapo Firmin akafanya kosa la watu wenye kiburi cha kazi yao.

"Mi sitaki kitu, Papa. Mashini njo inakula, siyo mimi."

Papa Isidore akaingia chumbani, akakawia, akarudi na karatasi iliyokunjwa. Firmin akachungulia: unga wa manjano ulimetameta hadi akamwona ng'ombe na pembe zake. Akamtuma mzee wa watu koridoni akaangalie mshale wa régulateur, kile kisanduku cha kutuliza umeme, apige kelele ukitikisika. Kwa umeme wa Bukavu mshale ule haukujua kutulia.

"Inatikisika!" ilisikika kutoka koridoni.

"Njo inakula!" Firmin alijibu, karatasi ikiwa tayari ndani ya soksi. Akarudisha kadi, akafunika, akawasha, akabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Papa Isidore akaandika tarakimu zake na jibu likatoka kabla hajaondoa kidole. Akaivua kofia yake mbele ya mashine.

Jumapili, nyumbani kwa muzee Edouard, huko Kadutu, wajomba walikuwa wameketi na bia zimefunguliwa. Firmin akaweka karatasi mezani, akaeleza kwamba ng'ombe wa siku hizi anatembea hivi. Muzee hakucheka. Alimwita jirani yake Benoît, fundi wa pete, aje na chupa yake ya asidi. Tone moja likaanguka. Unga ukachemka, ukatoa moshi, ukageuka kijani.

"Robine," Benoît alisema, akionyesha koki ya shaba uani. "Bamekata robine ya maji na tupa. Tena robine ya zamani."

Muzee Edouard akafunika bia zake, moja moja.

"Mukwe, na hii hatununue ata mukia. Rudia siku utakuja na ng'ombe ya miguu."

Delphine alimsindikiza hadi mlangoni. "Ungesema tu hauna, Firmin," alisema. "Ningekungojea." Kisha akafunga mlango, na Firmin akasimama pale akiumia kama mtu yeyote anavyoumia.

Hasira ikampandisha Nyalukemba. Alikuwa amejaa maneno: mwizi, muongo, nitakupeleka mbele ya watu. Njiani yakaanza kumpungukia, maana kila neno lilihitaji kwanza aeleze soksi. Alipofika mlangoni alikuwa amebaki na bonjour tu.

Papa Isidore alimkumbatia. Alitazama nyuma yake, akamshika mkono, akamtoa hadi nje, nyuma ya jiko, mbali kabisa na sebule.

"Tuongelee hapa," alinong'ona. "Isisikie."

"Nani?"

"Mashini. Ingénieur, nitakuambia kitu, uniwekee siri. Miaka yote bachimbaji ba Kamituga baliniuzia unga wa robine. Nilikuwa naweka mu kopo ya maziwa ya Nido, nisisahau ujinga yangu. Sasa siku ile nikajiuliza: dhahabu yangu ya kweli, niipatie mashini? Itajua wapi? Nikachota mu ile kopo." Alicheka bila sauti hadi machozi yakamtoka. "Ikakula. Na iko inakimbia! Akili yote ile, lakini haijue dhahabu."

Firmin aliinama, akaivuta soksi yake juu.

"Na weye hautaki kitu, ulisema. Mutu wa heshima." Papa Isidore akampangusa vumbi begani, akainyoosha ile tai nyekundu kwa mkono wa baba. "Usiogope. Ikianza tena kulala, nitakuita weye tu. Kopo ingali nusu."